Kucha fupi na bapa hazina kosa, kosa ni tipsi zisizozitosha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo linalowarudisha wanawake wengi nyumbani wakiwa na huzuni, au wakiwa na vidole vinavyouma. Mteja mwenye kucha fupi, pana au zilizolala bapa akiingia saluni, mara nyingi humkuta moja kati ya mawili. Ama anaambiwa kucha zake "hazishiki", apake rangi tu aende zake. Ama haambiwi kitu: anabandikwa tipsi (kucha za plastiki za kurefushia) zilezile alizobandikwa aliyemtangulia kitini, kucha zake zinasuguliwa mpaka zinakuwa laini kama ngozi ili eti zishike, na siku ya nne tipsi mbili zimeng'oka na kidole gumba kinawaka moto.

Sisi ni mafundi na wakufunzi wa kucha, na hili tunalisema bila kumung'unya maneno. Kucha za namna hiyo zinabeba tipsi, akriliki (poda na likwidi, yaani kimiminika chake, vinavyoganda juu ya ukucha) na jeli (inayokaushwa kwa taa) vizuri kabisa. Tipsi ndiyo inayopaswa kuchongwa ifuate ukucha. Kinachofanyika kwenye saluni nyingi ni kinyume chake.

Septemba 2018, Spika wa Bunge wakati huo, Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge kuingia bungeni wakiwa wamebandika kope na kucha, na hoja iliyotawala ilikuwa ya afya. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini tunaoshika vidole vya watu kila siku tunajua kwamba sehemu kubwa ya madhara inatoka kwenye mkono wa fundi, na mkono unafundishika.

Kabla ya kufungua chupa yoyote, fundi ajue ni ukucha wa aina gani alionao mbele yake, maana maneno haya matatu huchanganywa. Ukucha mfupi ni ule ambao sehemu iliyoshikamana na nyama, kuanzia shinani hadi pale ncha nyeupe inapoanza, ni ndogo. Ukucha mpana ni ule ambao upana wake unakaribia urefu wa sehemu hiyo au unauzidi. Ukucha bapa huuoni ukiuangalia kwa juu. Inyanyue mikono ya mteja mpaka ncha za vidole ziwe sawa na macho yako, uziangalie kwa mbele: badala ya upinde utaona mstari ulionyooka. Mtu anaweza kuwa na moja kati ya hizi bila nyingine, na anaweza kuwa na zote tatu kwenye kidole gumba huku vidole vingine vikiwa vya kawaida. Wapo waliozaliwa na kidole gumba ambacho mfupa wake wa mwisho ni mfupi, ukucha ukawa mpana kuliko urefu wake, mkono mmoja au yote miwili. Hayo ni maumbile ya kurithi, si ugonjwa, na mteja aambiwe hivyo, kwa sababu wengi wamekificha kidole hicho tangu utotoni.

Zipo kucha ambazo si za kubandikwa chochote kwa wakati huo. Ukucha uliobonyea katikati kiasi kwamba ukidondoshea tone la maji linatulia bila kumwagika, huenda ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma mwilini. Mteja huyo aende kupima damu kwanza. Ukucha ulioanza kuachana na nyama, wenye unga wa njano chini yake, wenye vishimo vidogo vingi, au wenye mstari mweusi ambao ni mpya na unazidi kupanuka, huo ni wa daktari wa ngozi. Kwa watu weusi mistari ya kahawia kwenye kucha ni jambo la kawaida sana, hivyo fundi asimtishe mteja bure, lakini mstari mmoja unaobadilika usifunikwe kwa rangi.

Sasa tuje kwenye tipsi, maana hapa ndipo penye chimbuko la matatizo yote. Tipsi ya dukani imetengenezwa ikiwa na upinde. Ukiiweka juu ya ukucha bapa bila kuikandamiza, ukaangalia kwa mbele, utaona pembe zake mbili zimegusa ukucha na katikati kuna uwazi. Fundi anakandamiza, gundi inakamata, kazi inaonekana nzuri. Lakini ile plastiki imelazimishwa kunyooka na haijasahau umbo lake. Inavuta kurudi kwenye upinde usiku na mchana. Pembe zinabana nyama za pembeni, ndiyo maana mteja anasema vidole vinapwita usiku wa kwanza. Katikati gundi inaanza kuachia, hewa inaingia, kisha maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo. Mahali penye unyevu palipofunikwa, bakteria huota na kuacha doa la kijani kwenye ukucha, doa ambalo watu wengi hudhani ni fangasi. Wakati mwingine tipsi yenyewe inatoa mstari mweupe katikati, toka kwenye ncha kurudi nyuma. Mstari huo ni plastiki iliyochoka kukunjwa, na hapo ndipo itakapopasukia.

Kwa ukucha mpana kosa huwa jingine. Fundi huchagua tipsi nyembamba kwa sababu mteja anataka kucha zionekane nyembamba. Tipsi inakaa katikati, pembeni kushoto na kulia ukucha wa asili unabaki wazi kwa milimita moja moja. Akriliki inayofunika hapo haina kitu chini yake cha kuishikilia mbele, na ufa wa kwanza unatokea palepale, kwenye kona ambapo ukucha unaachana na nyama.

Tiba ya yote mawili inaanzia kwenye namba. Paketi ya tipsi 500 kwa kawaida huwa na namba 0 hadi 9, tipsi 50 kila namba, na 0 ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa ukucha bapa chukua namba moja kubwa kuliko ile unayodhani inatosha, kwa sababu tipsi kubwa ina upinde mpana zaidi, inalala vizuri. Halafu ichonge pembeni kwa faili, kidogo kidogo, ukiipima tena na tena, mpaka kingo zake zikae sawasawa na kingo za ukucha, bila kupanda juu ya ngozi na bila kuacha wazi. Zipo pia tipsi zilizotengenezwa zikiwa na upinde mdogo. Fundi anayehudumia watu wa kila aina awe na paketi yake. Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: iweke tipsi juu ya ukucha bila gundi na uiachie. Ikitulia yenyewe imegusa kuanzia pembe hadi pembe, hiyo ndiyo. Ikihitaji kidole chako kuishikilia ili iguse, hata gundi haitafanya kazi hiyo kwa wiki tatu.

Lipo suala la kitako cha tipsi, yaani ile sehemu ya nyuma iliyochongwa ndani ili ikae juu ya ukucha. Kwenye ukucha wa kawaida kitako kinafunika theluthi moja hivi. Kwenye ukucha mfupi kitako hichohicho kinafunika zaidi ya nusu, wakati mwingine karibu wote, na akriliki inakosa ukucha wa asili wa kushika. Inashika plastiki, na plastiki inashikwa na gundi peke yake. Kwa hiyo kata kitako. Kwa mkasi mdogo ondoa sehemu kubwa katikati kwa umbo la herufi U, ubakize ukanda wa milimita 2 hivi wa kukaa juu ya ukucha, kisha punguza unene wake kwa ndani kwa faili laini ili uweze kulala. Gundi ni tone moja dogo kwenye kitako, si kwenye ukucha. Ingiza tipsi ikiwa imeinama kama nyuzi 45, iguse ncha ya ukucha kwanza, kisha ilaze taratibu kurudi nyuma huku hewa ikisukumwa nje, ushikilie kwa sekunde 5 hadi 10. Ukiona kipovu cheupe chini yake, itoe uanze upya. Kipovu hakitoki kwa kukandamizwa. Gundi ikimwagika usiifute kwa pamba. Gundi ya namna hii ikikutana na pamba hutoa joto kali la kuunguza ngozi.

Kwa kucha zilizo fupi mno, pana mno, au zilizotafunwa, ushauri wetu ni kuachana na tipsi na kujenga kwa fomu, ile karatasi ya kubandika chini ya ncha. Fomu haina namba na haina upinde wake yenyewe, unaupanga wewe. Kwa ukucha bapa ikunje fomu kwanza kwenye kidole chako au kwenye kijiti cha duara ili ipate umbo la mviringo, ndipo uiingize. Tundu la fomu likatwe kwa mkasi lifuate ncha ya ukucha wa mteja. Likibaki kama lilivyotoka kiwandani, kwenye ukucha mpana litagusa katikati tu na pembeni patakuwa na mwanya, likwidi itapita chini na kugandia kwenye ngozi. Ukiangalia kwa pembeni, fomu iendelee na mstari wa ukucha. Kwa ukucha unaopinda kwenda juu kama mdomo wa mtumbwi, fomu ishushwe kidogo chini ya mstari huo, na akriliki ijazie bonde la katikati.

Kucha zilizotafunwa zina shida ya peke yake: nyama ya ncha ya kidole imepanda juu ya ukucha, fomu haina pa kuingia. Hapo kazi ni ya hatua mbili. Kata kipande cha fomu kwa umbo la ncha ya kidole, kibandike juu ya ile nyama iliyopanda ili kemikali isiiguse, kisha weka kitone kidogo cha akriliki kwenye ukucha kitokeze mbele milimita moja tu. Kikikauka, toa karatasi. Sasa una ukingo mdogo, na fomu kamili itaingia chini yake. Kama kuna kidonda au damu, usifanye hivyo siku hiyo. Na urefu wa mara ya kwanza usivuke ncha ya kidole. Mteja anayetafuna kucha arudi kila wiki kwa matengenezo mpaka ukucha wake uote, maana kila pembe itakayonyanyuka ni mwaliko kwa meno.

Kuhusu maandalizi hatutarefusha, ila kwa jambo moja. Faili la ukucha wa asili ni namba 180 au laini zaidi ya hapo, na kazi yake ni kuondoa mng'ao, basi. Mashine ya kusugulia ni ya akriliki, si ya ukucha wa asili. Ukucha mfupi na bapa unaachia mara nyingi kwa sababu ya utando mwembamba wa ngozi iliyokufa uliolala juu yake karibu na shina, ambao haujaondolewa. Fundi anadhani ukucha ni mgumu, anaongeza kusugua, anaumaliza unene, halafu ukucha mwembamba unapinda zaidi chini ya mzigo na kuachia haraka zaidi. Sukuma ngozi, kwangua utando huo taratibu, pangusa vumbi, paka dawa ya kukausha mafuta, kisha praima (dawa ya kusaidia akriliki ishike) kidogo sana katikati ya ukucha, isambae yenyewe bila kugusa ngozi.

Akriliki ichanganywe vizuri. Kiasi cha kawaida ni likwidi sehemu moja na nusu kwa poda sehemu moja. Kitone kikiwa na maji sana kitakimbilia kwenye ngozi za pembeni, na kwenye ukucha bapa hilo hutokea kwa urahisi kwa kuwa hakuna mteremko unaokiongoza. Kikikauka kinakuwa dhaifu na ngozi inapata mzio. Kikiwa kikavu sana hakikamati ukucha na kinavunjika. Kitone cha kwanza jenga ncha. Cha pili weka katikati, mahali ukucha unapoachana na nyama, na usikisambaze chote. Hapa ndipo mgongo wa ukucha unapotakiwa kuwa juu kuliko pengine popote. Cha tatu, chembamba, kwa ajili ya shina, kipungue mpaka kisihisike ukipitisha kidole.

Huo mgongo ndio siri ya ukucha bapa. Ukucha wenye upinde wake una nguvu ya kuzaliwa nayo. Ukucha bapa hauna, kwa hiyo fundi anaujengea kwa akriliki: katikati pawe na unene wa milimita moja hadi moja na nusu, ukishuka kuelekea pembeni, shinani na kwenye ncha. Kosa tunaloliona kila mahali ni kuweka unene uleule kila upande. Ukucha unakuwa mzito, unaonekana kama umevaa kofia, na bado unavunjika. Kupima, geuza kidole cha mteja chini ya taa na ufuate mstari wa mwanga unaomulika juu ya ukucha. Mstari ukipita laini, ukapanda katikati na kushuka pande zote, umejenga. Ukikatika au ukikaa umenyooka kama rula, bado.

Mafundi wengine hubana pembeni kwa vidole au kwa kibanio akriliki ikiwa haijakauka kabisa, ili ncha ipate upinde. Ni ufundi mzuri, lakini ubanwe upande wa ncha tu, mbele ya mahali ukucha unapoachana na nyama, tena kwa upole. Kumbana mteja wa kucha bapa juu ya nyama yenyewe ni kuung'oa ukucha wake kidogo kidogo. Akisema inauma, acha.

Kuchonga umbo nako kuna mtego. Kila mtu anajua kwamba ukucha mpana unapendeza ukiwa na ncha ya yai au ya lozi kuliko mraba. Wengi huanza kuupunguza papo hapo pembeni ya nyama, na kwa kufanya hivyo wanaondoa ukuta uliokuwa ukishikilia kona. Kingo ziende zimenyooka kutoka pembeni ya ukucha kwa milimita moja au mbili mbele ya nyama, ndipo zianze kukutana. Jicho linaona ukucha mwembamba, na kona zinabaki na nguvu zake.

Urefu ndio ugomvi mkubwa kati ya fundi na mteja, na tunaomba fundi asimamie ukweli. Kama sehemu iliyoshikamana na nyama ina milimita 8, ncha ya milimita 4 inatosha, na ya milimita 8 ndiyo mwisho. Ikizidi hapo, tipsi inafanya kazi ya mtaimbo: mteja akigonga mlango wa daladala au akikuna nazi, nguvu yote inaishia kwenye kipande kidogo cha ukucha kilichoshika nyama, na kinachonyanyuka ni ukucha wa asili pamoja na tipsi. Anayefua kwa mikono na kusonga ugali kila siku apewe fupi zaidi, na aambiwe sababu.

Rangi inaweza kuongeza urefu ambao fomu haiwezi kuuongeza salama. Acha uwazi mwembamba, nusu milimita hivi, kila upande wakati wa kupaka, ukucha utaonekana mwembamba. Kwa anayependa ncha nyeupe, tumia akriliki ya rangi ya nyama, ipite mbele ya mstari wa asili kwa milimita 2, kisha ncha nyeupe iwe nyembamba yenye mkato mrefu wa herufi V. Macho yataamini kwamba ukucha wenyewe ni mrefu. Ila rangi ya nyama inayouzwa kwa wingi ni ya waridi ya Wazungu. Kwenye mkono mweusi inaonekana kama plasta. Chagua zenye kahawia ndani yake. Mistari ya kukata ukucha kwa upana, hasa ya kumetameta, iachwe.

Kwa wanaotumia jeli badala ya akriliki, kanuni za umbo ni zilezile, lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. Jeli ya kujengea ikiwekwa nene kwa mara moja hutoa joto kali ikiwa chini ya taa, na mwenye ukucha mwembamba ataruka kitini. Jenga mgongo kwa matabaka mawili au matatu membamba. La pili ni kidole gumba: kikiingizwa pamoja na vinne vingine kinalala upande, mwanga haukifikii sawasawa, na kile kidole kipana ndicho kinachobaki na jeli mbichi. Kiingizwe peke yake, kimetazama juu. Muda ulioandikwa kwenye chupa, sekunde 30 au 60, unahesabu taa yenye nguvu kamili. Taa ya betri iliyokaribia kuzima, au umeme ukiwa mdogo, haikaushi ndani hata kama juu panang'aa.

Jeli mbichi si suala la kuachia tu. Ndiyo inayoleta mzio. Mteja anaanza kuwashwa pembeni ya kucha, ngozi inapasuka, hata kope zinavimba kwa sababu ameyagusa macho. Mzio ukishaingia hautoki maisha yote, na kemikali za jamii hiyo hutumika pia kwenye vifaa vya kuzibia meno na saruji ya kuungia mifupa, hivyo mtu anaweza kulipia miaka mingi baadaye akiwa kwenye kiti cha daktari. Umoja wa Ulaya tangu 2021 unataka bidhaa za kucha zenye HEMA, mojawapo ya kemikali hizo, ziandikwe kwamba ni za mafundi tu na kwamba zinaweza kuleta mzio, na Septemba 2025 ukapiga marufuku TPO, kemikali inayosaidia jeli kukauka chini ya taa. Bidhaa zisizopita huko zina njia ya kutufikia sisi. Kwa kuwa tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tunaiomba TBS iangalie na chupa hizi kwa jicho hilohilo inaloangalia mikorogo.

Iangalie pia likwidi ya akriliki yenye kemikali ya MMA. Marekani ilichukua hatua za kimahakama dhidi ya bidhaa za kucha zenye MMA tupu katika miaka ya 1970, baada ya malalamiko ya kucha kuharibika na ngozi kuumia. Inapendwa kwa sababu bei yake ni ndogo. Dalili zake fundi anazijua: harufu kali kuliko kawaida, ukucha mgumu kama jiwe, na hauyeyuki kwa urahisi kwenye asetoni. Kwa mwenye ukucha mfupi na bapa ni mbaya zaidi, kwa sababu akijigonga akriliki haivunjiki. Kinachovunjika ni ukucha wake.

Kuhusu muda wa kurudi. Ukucha wa mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi. Mgongo uliojengwa unasogea mbele pamoja nao. Kwa mwenye sehemu ya nyama ya milimita 14, kusogea milimita 2 kwa wiki tatu si jambo kubwa. Kwa mwenye milimita 8, hiyo ni robo nzima: mgongo umeshavuka mahali pake na mzigo wote uko mbele. Kwa hiyo kucha fupi zirudi baada ya wiki mbili, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa, ajue gharama yake ya kweli. Asiyeweza kurudi aje kuzitoa: juu pasuguliwe kwanza, pamba yenye asetoni na karatasi ya foili kwa dakika 20 hadi 30, kisha zisukumwe taratibu kwa kijiti. Zisibanduliwe kwa tipsi nyingine wala kwa meno. Na kwa wateja wetu wengi wa Pwani na Visiwani wanaojali udhu, fundi aseme wazi kwamba akriliki na jeli zinazuia maji kufika kwenye ukucha. Kwa shughuli ya siku moja zipo tipsi kamili za kubandika kwa stika, zinazotoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na hina bado ipo.

Kazi hii ikifanywa kama tulivyoeleza inachukua saa mbili au zaidi. Vyuo vinavyofundisha urembo, vya VETA na vya binafsi, viweke kidole gumba kipana na ukucha bapa kwenye mtihani wa vitendo, kwa sababu sasa hivi mwanafunzi hujifunzia mkono wa plastiki wenye kucha ndefu zilizopinda vizuri, halafu anakutana na mikono ya watu.

Ombi letu la mwisho ni kwa wafanyabiashara wa jumla wa Kariakoo na kwingineko. Fundi anayehudumia kucha pana anamaliza namba 0, 1 na 2 mapema, anabaki na mifuko ya namba 7, 8 na 9 isiyotoka. Akikosa kubwa ndipo anapoanza kulazimisha ndogo. Viwanda vinatengeneza paketi za namba moja moja, tipsi 50, na vinatengeneza tipsi za upinde mdogo. Zileteni, mziuze hivyo.

Mafundi na wakufunzi wa kucha,
Dar es Salaam